Sifa za Mwovu wa Upande wa Pili wa Ukuta

Nataka kumsifu mwanamke aliyeninyima usingizi kwa karibu miezi mitatu. Anaitwa An Lingrong. Ni mwovu wa tamthilia ya Kichina, na kila usiku, saa nne kasoro, alikuwa akiingia nyumbani kwangu bila hodi kupitia ukuta wa tofali moja, Umoja Innercore, Nairobi, ghorofa ya nne. Nilimshtaki mara mbili kwa msimamizi wa ploti. Leo namwandikia sifa, na anastahili kila moja.

Aliyekaa Eastlands anazijua kuta zetu. Ukikohoa usiku, asubuhi jirani anakuuliza kama umepata dawa. Unajua nani amenunua kilo ya nyama na nani anakaanga sukuma kwa mafuta ya jana. Nyumba za zamani za baraza la jiji, zile za Kaloleni na Maringo na Jericho, angalau ziliachiwa uwanja wa kupumulia. Umoja nayo ilipoanza miaka ya 1970 ilikuwa mtaa wa nyumba za chini; kisha mji ukafurika, kila ploti ikapanda juu, chumba kikalala mgongoni mwa chumba. Kelele ni kodi tunayolipa sote, na hakuna landilodi anayeikusanya.

Upande wa pili wa ukuta wangu anaishi shosho mmoja na mjukuu wake wa kidato cha tatu. Shosho alishona sare za shule katika Soko la Uhuru, kando ya Jogoo Road, kwa zaidi ya miaka 30. Sketi za marinda, kaptura za kaki, kola zinazokaa wima hata mtoto akizifua kwa sabuni ya mche kila jioni. Sasa macho yake yameingia ukungu. Runinga anaiona kama mtu anavyoona barabara kupitia kioo cha matatu siku ya mvua, na yale maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha hayaoni kabisa. Basi mjukuu humsomea. Huchukua vipindi kwenye flashi kutoka duka la muvi, huchomeka, huketi sakafuni, na kutafsiri kila neno papo hapo, kwa sauti inayomfikia shosho na sisi wengine wote.

Tamthilia yenyewe ni ile ya Zhen Huan, iliyoanza kuonyeshwa China mwaka 2011. Mwongozaji wake ni Zheng Xiaolong, na imetokana na riwaya ya Liu Lianzi. Ina vipindi 76. Kipindi kimoja kila usiku ni miezi miwili na nusu, na ukiongeza siku ambazo stima ilipotea unaipata hiyo mitatu ninayoisema. Habari zake ni za jumba la mfalme Yongzheng wa nasaba ya Qing, aliyetawala kuanzia 1722 hadi 1735: wanawake wengi, mwanamume mmoja, na ukuta mrefu usio na mlango wa kutokea. Mjukuu hakuwa na neno la wale watumishi wa kiume waliohasiwa, akawa anawaita wazee wa mlango. Usiku wa tatu shosho akamsahihisha: ni matowashi, wamo kwenye Biblia, nenda kasome Matendo ya Mitume. Kuanzia hapo wakawa matowashi, na mimi kitandani nikawa nimejifunza neno.

Kusikia filamu badala ya kuitazama si jambo geni kwetu. Kizazi changu kililelewa na sauti ya DJ Afro kwenye vibanda vya video, akituchambulia muvi za mapigano kwa Kiswahili na Sheng hadi tukasahau waigizaji wenyewe walisema nini. Nampenda na nitampenda daima. Lakini katika muvi zile kulikuwa na steringi na kulikuwa na adui, basi. Adui alikuwa na kicheko na walinzi wengi. Hakuwa na mama. Hakuna aliyetuambia alikula nini alipokuwa na miaka sita wala nani alimpiga. Kazi yake ilikuwa kufa dakika za mwisho, na sisi kazi yetu kushangilia.

Wachina nao tulipowapokea kwa Kiswahili tuliwapokea kwa mambo ya jikoni. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ya Tanzania, TBC, ilionyesha tamthilia ya Mao Doudou na mama wakwe zake, ikapendwa kiasi kwamba Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Kisha StarTimes ikawatafuta Watanzania wenye sauti nzuri kwa mashindano, na washindi wakaenda Beijing kuwasemea waigizaji. Ni kazi nzuri. Lakini ugomvi wa mke na mavyaa huisha kwa chai. An Lingrong hakuja kunywa chai.

Alikuja na doa. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia: siku ya kuchaguliwa wasichana watakaoingia jumbani, msichana wa ofisa mdogo kutoka wilaya isiyojulikana anamwagia chai nguo ya binti wa familia yenye nguvu. Yule binti anamtukana mbele ya wote, anamuuliza baba yake ni nani, na jibu linakuwa aibu ya pili. Zhen Huan, ambaye ndiye steringi wetu, anaingilia kati, anamkinga, anamchomekea ua nyweleni na kumpa hereni zake ili asionekane mtupu kiasi kile. Mjukuu alisoma hapo kwa furaha. Shosho akauliza swali moja tu: "Na nguo yake mwenyewe, ilikuwa ya kitambaa gani?" Mjukuu akasema haijasemwa, lakini inaonekana imepauka. Shosho akasema, "Basi huyo ataleta shida."

Nilidhani ni uchovu wa uzee. Kumbe ndiye aliyekuwa akiisikiliza hadithi kuliko sisi sote. Mtu aliyeshona nguo za watoto wa watu kwa miaka 30 anajua mtoto anavyosimama akiwa na sare iliyorithiwa mara tatu, jinsi anavyouficha mkono wenye kiraka nyuma ya mgongo. Anajua pia kwamba mtoto huyo hasahau.

Na hakusahau. Ndani ya jumba An Lingrong anaitwa kwa mfalme kwa mara ya kwanza, anatetemeka hadi anarudishwa bila kuguswa, na kufikia asubuhi jumba zima linacheka. Baba yake anatiwa gerezani kwa kesi ya nafaka za jeshi. Anaokolewa kwa maombezi ya wakubwa, na tangu siku hiyo Malkia, mke mkuu wa mfalme, anajua mahali pa kumshika. Halafu inakuja habari ya kitambaa. Zhen Huan, kwa moyo safi, anampa hariri ya thamani, inayometa kama maji yenye jua. An Lingrong anaipokea kama mtu aliyepewa udugu. Kisha anamwona mtumishi wa Zhen Huan amevaa nguo ya hariri ileile.

Hapo ukuta wetu ulinyamaza. Mjukuu alisimamisha picha kwa sababu shosho alikuwa akicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Alimpa," akasema, "lakini hakumwangalia." Nimeishi Eastlands maisha yangu yote na sijawahi kusikia mtu akiieleza sadaka yetu kwa maneno machache hivyo. Sote tumepokea furushi la mitumba kutoka kwa shangazi wa Buruburu au wa Donholm, tukashukuru kwa mikono miwili, kisha tukamwona mtoto wa mfanyakazi wake na sweta ya furushi hilohilo. Hakuna aliyekosa. Lakini kuna mtoto mmoja kati ya watoto wote atakayekwenda kulala na jambo hilo na kuamka nalo miaka 20 baadaye.

Namsifu An Lingrong kwa hili kwanza: uovu wake unafuatika. Kila kisu anachokitoa nilimsikia akikinoa. Anamtengenezea Zhen Huan dawa ya kupaka kovu la usoni, na ndani yake ameweka miski, ambayo katika hadithi hiyo huharibu mimba. Mimba inaharibika. Usiku ule ghorofa yote ilikuwa macho. Mama wa chini yetu alipiga kelele kwenye ngazi kama aliyeibiwa. Jumamosi yake, juu ya paa kwenye kamba za nguo, kina mama walimjadili An Lingrong kana kwamba alikuwa mweka hazina wa chama na ametoroka na pesa. Mmoja alisema masikini akipanda hujisahau. Mwingine, ambaye humsikii akisema neno mwaka mzima, alikuwa akikamua shuka. Akasema hajajisahau hata kidogo, na hapo ndipo palipo na ugonjwa wake, kwamba anajikumbuka kila siku. Wakabishana hadi nguo za kwanza zikakauka. Nilikuwa pale na ndoo yangu. Majirani ambao kwa kawaida hujadili bei ya unga na maji yasiyokuja walikuwa wanajadili mtoto aliyeaibishwa hugeuka kuwa nani.

Namsifu pia kwa sababu hakutuomba huruma mapema. Siri ya kwao nyumbani haikutolewa hadi mwisho kabisa. Tulimwona akiwa mdogo wa cheo, tukamwona akipanda, tukamwona akifika daraja ambalo wasichana waliomcheka hawakulifikia, na hata hapo cheo alichopewa kilikuwa na jina la ndege mwimbaji, kwa kuwa alimpendeza mfalme kwa sauti. Yuko juu na bado ni ndege wa kwenye kitundu. Tulimchukia kwa haki, mimba ile ikiwa haijasahaulika. Siku hizi kuna tamthilia nyingi ambazo mwandishi, akiona mwovu wake amezidi, humtupia kipande cha utoto katika dakika tano za mwisho, mtoto analia kwenye mvua, muziki, basi amesamehewa. Huo ni uvivu, na ni matusi kwa walioumizwa kweli. Nyingine huanza na jeraha, na mtazamaji anamaliza machozi yake kabla mtu yeyote hajaumizwa na mwovu huyo. Hapa mpangilio ni mwingine. Unapewa kwanza deni la An Lingrong, lote, kisha unapewa deni alilokuwa akidai yeye tangu utotoni. Hakuna anayekufutia lolote kati ya hayo mawili.

Historia ya China inaye mmoja mkubwa kuliko huyu, na yeye hakutungwa. Wu Zetian alizaliwa mwaka 624. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa mbao aliyepata cheo kwa kuiunga mkono nasaba ya Tang ilipokuwa ikianza. Mama yake alikuwa mke wa pili. Baba alifariki mwaka 635, binti akiwa hajafika hata miaka 12, na kaka zake wa mama mwingine wakamdharau yule mjane ndani ya nyumba yake mwenyewe. Akiwa na miaka 14 hivi akachukuliwa jumbani. Mwaka 655 akawa malkia. Wanahistoria wanasimulia kwamba siku moja, karamuni, mama yake aliwauliza wale wana wa kambo kama wanakumbuka mambo ya zamani na wanasemaje sasa. Wakamjibu kwa kiburi. Wakahamishiwa majimbo ya mbali, wakafia huko. Mwaka 690 Wu Zetian akajitawaza, mwanamke pekee katika historia yote ya China kuvaa cheo kamili cha mfalme mkuu, akatawala hadi 705. Damu iliyomwagika njiani ni nyingi, na baadhi ya yaliyoandikwa juu yake yaliandikwa na wanaume waliochukia hata wazo lake. Kaburini kwake kuna jiwe refu la kumbukumbu ambalo halikuandikwa neno. Watu wamelitafsiri jiwe hilo kwa namna nyingi. Mimi huwa narudi kwenye ile karamu, na mjane anayewauliza vijana waliomdharau kama wanakumbuka. Binti yake alikuwa akikumbuka, hilo liko wazi.

Lakini nisiwafanye waliodhulumiwa wote kuwa simba waliolala. Mwaka 1998 madaktari wawili wa Marekani, Vincent Felitti na Robert Anda, pamoja na wenzao, walichapisha majibu ya zaidi ya watu 9,000 walioulizwa kuhusu madhila ya utotoni: kupigwa, kudhalilishwa, kumwona mama akipigwa, kuishi na mlevi nyumbani. Kadiri madhila yalivyozidi, ndivyo walivyozidi kuugua wakiwa wakubwa: moyo, mapafu, ulevi, huzuni isiyotoka, majaribio ya kujiua. Nilipoisoma habari hiyo niliwafikiria watu wa ngazi zetu. Kiwewe cha utotoni mara nyingi hakitafuti kiti cha enzi. Kinaingia ndani ya mwenyewe na kumla taratibu, naye anaendelea kuamka saa kumi na moja kwenda kazini. Kwa kila An Lingrong kuna maelfu wanaokaanga mandazi alfajiri, wana presha, na hawajamtilia mtu sumu.

Shosho ni mmoja wao, nadhani. Nasema nadhani kwa sababu hakuwahi kunisimulia. Nilichosikia ukutani ni vipande tu. Mjukuu alipomuuliza usiku mmoja kwa nini hakuendelea na shule, alisema kulikuwa na sare moja nyumbani na watoto wanne, na yeye alikuwa msichana. Kisha akasema kipindi kiendelee. Kazi aliyokuja kuifanya maisha yake yote mnaijua.

Nilipokwenda kumshtaki An Lingrong kwa msimamizi mara ya pili, alinijibu kwamba yeye mwenyewe hupanda ngazi saa nne kuangalia kama geti la juu limefungwa, na hukaa pale hadi kipindi kiishe. Nikarudi nyumbani. Kuanzia hapo nikaacha kuweka mto kichwani.

Usiku wa mwisho wa An Lingrong nilikuwa nimekaa kitandani, macho wazi. Amefungiwa katika makazi yake, cheo kimebaki jina tu, anapigwa makofi kwa amri ya mfalme. Zhen Huan amekuja kumwona. Mbele yake kuna lozi chungu, ambazo atazila kwa mkono wake mwenyewe hadi afe, lakini hilo sisi hatukulijua bado. Mjukuu alikuwa ameshusha sauti kama mtu anayesoma wosia. An Lingrong akaanza kusema habari za mama yake, mshona nakshi wa Suzhou, na sentensi ikakatika katikati.

Kimya, na giza upande wa pili. Nikamsikia shosho akiuliza, na mjukuu akajibu kwamba tokeni zimeisha. Pesa za kununua nyingine zingepatikana Ijumaa. Ilikuwa Jumanne.

Nikatoka na tochi ya simu. Mita za ghorofa yetu zimepangwa ukutani karibu na ngazi, kila moja na nambari yake. Nikanunua tokeni za shilingi 200 kwa M-Pesa, nikasimama pale nikisubiri ujumbe uingie, kisha nikabisha. Mjukuu alifungua akiwa tayari na uso wa kuomba msamaha. "Anko, samahani, tutapunguza sauti." Nikamwambia achukue nambari. Nikamsomea tarakimu 20, nne nne, naye akazibonyeza kwenye kidude kilicho nyuma ya mlango. Taa zikarudi.

Shosho alikuwa kwenye kiti chake, shuka miguuni, uso umeelekea runinga. Akanionyesha stuli. "Keti, kijana wangu."

Nikaketi. Kwa mara ya kwanza nikamwona An Lingrong kwa macho. Alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, mwembamba, anaongea polepole bila kuinua mkono. Mjukuu akarudia pale alipoachia. Baba alikuwa muuza manukato, hana kitu. Mama ndiye aliyeshona usiku na mchana, akauza, akaweka akiba, hadi kikanunuliwa kile cheo kidogo cha baba. Macho yake yakaharibikia kwenye kushona. Baba alipopata cheo akaongeza wanawake wengine, na yule aliyeshona, kwa kuwa amezeeka na haoni, akawa hana thamani katika nyumba aliyoijenga kwa sindano yake. Binti alikuwepo na aliyaona hayo yote.

Shosho akainua mkono. Mjukuu akasimamisha picha. Kidole gumba cha shosho kilikuwa kikipapasa ncha ya kidole cha shahada, pale ngozi ilipokuwa ngumu kwa sindano za miaka.

"Rudisha nyuma," akasema. "Hapo pa mama yake."